Kabla ya Kumtoa Mtoto Damu, Mpime Urefu

Mwezi uliopita wifi yangu wa Mwanza alinitumia picha ya cheti cha maabara, chini yake ameandika: "Wifi, wewe ulishapita huku. Nisomee." Cheti ni cha mwanawe wa kiume, mtoto wa miaka 11. Kwenye kituo cha soka anakofanyia mazoezi jioni, wazazi walipelekewa tangazo kwamba maabara moja ya binafsi inapima homoni ya ukuaji kwa bei ya ofa, damu inatolewa mara moja tu na majibu ni kesho yake. Wazazi wakachangamka. Kila anayefuatilia mpira amesikia kwamba Lionel Messi, akiwa mtoto huko Rosario nchini Argentina, aligundulika ana upungufu wa homoni hiyo, akawa anachomwa sindano kila siku, na kwamba Barcelona ilipomchukua ilikubali kubeba gharama. Ukiwa na mtoto mfupi anayejua kupiga chenga, mawazo yanakwenda huko yenyewe.

Cheti kilisomeka 0.3, nanogramu kwa mililita. Damu ilitolewa saa nane mchana, mtoto katoka shule, kashiba. Aliyempa wifi majibu alimwambia kuwa mtoto "homoni hana kabisa" na akamshauri aanze kutafuta hela ya sindano.

Nilimpigia simu palepale nikamwambia namba ile haijamwambia chochote. Mtoto mwenye afya tele, akichomwa saa nane mchana, anaweza kupata namba hiyohiyo au ndogo kuliko hiyo. Homoni ya ukuaji inatoka kwenye tezi ya pituitari, kijitezi kidogo kilicho chini ya ubongo, na haitoki mfululizo. Inatoka kwa mikupuo, na mikupuo mikubwa inakuja usiku, mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Kati ya mkupuo na mkupuo, kwenye damu inakuwa karibu haipo. Daktari aliyemhudumia mwanangu alinieleza kwa mfano ambao mkazi yeyote wa Morogoro anaufahamu: ni kama maji ya mgao. Ukifungua bomba mchana likatoa hewa, huwezi kusema nyumba haijaunganishiwa maji, maana saa nane za usiku huenda ndoo zote zinajaa.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya tangazo lile. Wazazi wengi watalipia kipimo ambacho hakijibu swali lao, na wengine watatishika bure. Wachache, na hawa ndio wananiumiza zaidi, watapata namba inayoonekana nzuri kwa bahati, watulie nyumbani, huku mtoto ana ugonjwa.

Kwetu, aliyeona mapema kuliko sote ni mama yangu mzazi. Ni fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa akiwashonea wajukuu sare za shule. Kama mafundi wa zamani, ana daftari la vipimo: jina, mwaka, kiuno, paja, urefu wa suruali. Mwanangu alipokuwa anaingia darasa la tatu, bibi yake alimsimamisha kibarazani, akashusha futi kutoka kiunoni hadi kifundoni, akaandika, halafu akarudi kurasa za nyuma na kuanza kulinganisha. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mume wangu namkatia suruali ileile tangu darasa la kwanza. Zinamchanikia magotini, lakini fupi hazijawahi kuwa."

Mpaka siku hiyo tulikuwa tunajibiwa kwa maneno tuliyoyazoea. Amemfuata babu yake. Ana minyoo. Hali vizuri. Subiri, wavulana wanachelewa. Kila neno katika hayo linaweza kuwa kweli kwa mtoto fulani, na ndiyo maana yanatosheleza watu. Lakini daftari la mama lilionyesha kitu ambacho maneno hayawezi kukionyesha, yaani mwendo. Mtoto mfupi anayeongezeka kila mwaka kama wenzake ni habari moja, na mtoto aliyesimama ni habari nyingine kabisa.

Tulikwenda na daftari hilo hospitali ya rufaa. Nilidhani daktari ataliweka kando, maana urefu wa suruali ni mguu tu. Akalipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akaomba kadi ya kliniki. Kwenye kadi, uzito ulikuwa umechorwa vizuri mwezi baada ya mwezi, nukta zimeungana kama inavyotakiwa. Urefu ulikuwa umeandikwa siku aliyozaliwa, basi. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kadi nyingi anazoletewa ziko hivyo, kwa kuwa mizani ya kuning'iniza mtoto iko kila zahanati na ubao wa kupimia urefu hauko kila zahanati.

Halafu akampima. Alimvua viatu na soksi. Visigino, makalio na mgongo vikagusa ubao, macho yakatazama mbele moja kwa moja, kibao kikashushwa mpaka kikagandamiza nywele. Akamtoa, akamrudisha, akampima upya, akaandika wastani: sentimita 117. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani mvulana wa umri huo yuko katikati akiwa na takriban sentimita 133, na chini ya 120 au 121 ndipo daktari anapaswa kuanza kuuliza maswali. Nilitegemea atuandikie kipimo cha homoni siku hiyohiyo. Akatuambia turudi baada ya miezi sita apime tena.

Ile miezi sita niliiona kama kupuuzwa. Sasa najua ilikuwa sehemu ya kipimo chenyewe. Kuanzia kama miaka minne hadi balehe, mtoto anatarajiwa kuongezeka karibu sentimita tano au sita kwa mwaka. Hakuna mashine inayoweza kuuona mwendo huo kwa siku moja, hata iwe ya bei gani. Mwanangu alipopimwa tena alikuwa kwenye mwendo wa chini ya sentimita nne na nusu kwa mwaka, na hapo ndipo karatasi ya maabara ilipoandikwa.

Hata hivyo, juu ya karatasi ile homoni ya ukuaji haikuwepo. Kulikuwa na wingi wa damu, selimundu, figo, ini, sukari, Virusi vya UKIMWI, choo, na homoni za tezi ya shingo. Daktari alitufafanulia kila kimoja bila haraka. Figo zikiwa mbovu, mtoto anadumaa. Tezi ya shingo ikilegea, mtoto anasimama kukua, anakuwa mzito na mvivu, na kumbe vidonge vya bei nafuu vinamrudisha kwenye mwendo wake. Upungufu wa damu wa muda mrefu nao unafanya hivyo. Kwa hesabu za kawaida, wenye upungufu halisi wa homoni ya ukuaji ni takriban mtoto mmoja kati ya elfu kadhaa. Magonjwa mengine yanayofupisha watoto yako mengi mtaani, na vipimo vyake vinapatikana hata wilayani.

Kisha kuna udumavu. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 ya utafiti wa 2015 na 2016. Wengi wao pituitari zao ni nzima. Walikosa chakula bora tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya mwanzo, au waliharisha mara kwa mara. Wingi huo unaleta madhara mawili. Mtoto aliyedumaa haonekani, kwa sababu darasa zima liko hivyo. Na yule mmoja mwenye tatizo la homoni anajificha katikati yao, akahesabiwa ni mmoja wa wale. Siwezi kuvumilia mtu anaponiambia kuwa Waafrika, au watu wa mkoa fulani, ni wafupi kwa asili hivyo tusihangaike. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, waliolelewa katika mazingira mazuri na kunyonyeshwa vizuri, na watoto wale walifuatana kwa urefu kwa namna iliyoshangaza wengi. Muskati na Accra zilikuwa ndani ya hesabu ile.

Majibu ya kwanza yaliporudi yote yalikuwa salama. Ikafuata eksirei ya kiganja cha kushoto. Mifupa midogo ya kiganja inakomaa kwa mpangilio, na daktari akiilinganisha na picha za kitabu anaweza kukadiria umri wa mifupa. Mwanangu mwenye miaka tisa na ushee alikuwa na mifupa ya mtoto wa miaka sita na nusu. Nilitishika, kumbe ile ilikuwa habari ya kutia moyo: mifupa michanga ina nafasi ya kurefuka. Kitabu kinachotumika zaidi, cha Greulich na Pyle, kilitengenezwa kwa picha za watoto wa familia zenye uwezo wa mji wa Cleveland, Ohio, zilizopigwa kuanzia miaka ya 1930. Daktari mwenyewe alitueleza hilo, akasema ndiyo maana hawezi kuamua kwa eksirei peke yake.

Akamgeukia mume wangu. "Baba, samahani kwa swali. Wewe ulibalehe lini?" Mume wangu aliinamisha kichwa. Si swali ambalo mwanamume wa kwetu anaulizwa mbele ya mkewe na mwanawe. Baada ya kitambo akasema kwamba alimaliza kidato cha nne sauti ikiwa bado ya kitoto, na kwamba alirefukia JKT, hadi gwanda alizopewa mwanzoni zikabidi zibadilishwe. Daktari aliandika sentensi hiyo yote. Miaka tuliyoishi pamoja sikuwahi kuisikia. Ilikuwa taarifa muhimu kuliko nusu ya makaratasi tuliyobeba, na haikugharimu hata senti.

Kwa kuwa mwendo ulikuwa wa chini, na kipimo kimoja cha damu kiitwacho IGF-1 kilikuwa upande wa chini, tulipewa rufaa kwenda Nairobi. IGF-1 hutengenezwa zaidi kwenye ini kwa amri ya homoni ya ukuaji, na kwa kuwa haipandi na kushuka kutwa nzima, sampuli moja ina maana. Shida yake ni kwamba inashuka pia mtoto asipokula vizuri, au akiwa na ugonjwa wa ini. Nairobi kulikuwa na madaktari waliobobea, kwani tangu 2008 jiji hilo lina kituo cha kufundisha madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Kipimo chenyewe kinachukua nusu ya siku. Kwa sababu homoni haitoki kwa kutegemea saa yetu, madaktari wanailazimisha itoke, kisha wanachota damu mara kadhaa waone ilifika juu kiasi gani. Mtoto hali tangu usiku. Asubuhi alilazwa kitandani, sista akamwekea kanula nyuma ya kiganja ili asichomwe upya kila mara, akavuta damu ya mwanzo, akampa kidonge cha klonidini. Hiyo ni dawa ya kushusha presha kwa watu wazima, na kwa mtoto inaisukuma pituitari itoe homoni. Kila nusu saa sista alirudi. Kwanza presha. Halafu alivuta damu kidogo akaitupa, kwa sababu ile imechanganyika na maji ya chumvi ya kusafishia mrija, ndipo akavuta sampuli yenyewe. Kila chupa ilikuwa na plasta ameiandika saa kwa kalamu, na alizipanga kwa mfuatano kwenye kibanio. Sampuli mbili zikibadilishana nafasi, alituambia, kazi yote ya asubuhi imepotea.

Mwanangu alimuuliza, "Sista, damu yangu haitaisha?" Yule dada akachukua chupa tupu, akamwonyesha mstari wa mililita mbili, akamwambia mwili wake una damu ya kujaza chupa za soda kadhaa. Kidogo kidogo usingizi ukamchukua. Presha ilishuka, kama tulivyoambiwa itashuka, na walipomaliza sista alimkataza kusimama mpaka anywe chai na kula mkate. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye benchi, mtoto wa miaka kumi, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba watu hawakushangaa.

Siku nyingine alirudia kwa glukagoni. Hiyo ni sindano, na sampuli zinaendelea kwa muda wa saa tatu. Alitapika. Kuna njia nyingine ya zamani ya kutumia insulini kushusha sukari ya mtoto kwa makusudi. Inafanywa daktari akiwa kando ya kitanda na glukosi mkononi, kwa sababu sukari ikishuka kupita kiasi inaweza kuua. Nikikumbuka uangalizi niliouona siku zile, nashindwa kuelewa mtu anawezaje kuuza kipimo hiki kama ofa.

Majibu: kwa klonidini kilele kilikuwa 5.1, kwa glukagoni 11.4. Madaktari wengi siku hizi huona kilele cha 7 kinatosha, wengine bado wanashika 10 ya zamani. Angepimwa mara moja tu, kwa klonidini, mwanangu angeitwa mgonjwa. Daktari wa Nairobi alisema watoto wengi wenye afya hushindwa kipimo kimoja, na ndiyo maana wanataka viwili. Akifaulu hata kimoja, pituitari yake inaweza kazi. Mvulana wa miaka 13 aliyelala kitanda cha jirani alikuwa amechomwa homoni ya kiume siku kadhaa kabla ya kupimwa, kwani mtoto aliyechelewa balehe pituitari yake inaweza kusinzia na kutoa majibu ya uongo. Mtoto mnene naye majibu yake yanashuka. Hata maabara mbili zinaweza kutofautiana kwa damu ileile, kwa sababu ya vitendanishi wanavyotumia.

Baadaye nilisoma kwa nini uangalifu huu ulianza. Homoni ya ukuaji ya kutibu ilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1958 na daktari Maurice Raben huko Boston, na ilikuwa inakamuliwa kutoka kwenye pituitari za maiti. Ilikuwa adimu, hivyo ilibidi kuchuja nani apewe. Mwaka 1985 ikabainika kuwa baadhi ya vijana waliotibiwa kwayo utotoni wamepata ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, usio na tiba. Dawa ile ikasimamishwa, na mwaka huohuo ikaidhinishwa Marekani homoni iliyotengenezwa kwa bakteria, ambayo haina hatari hiyo. Sasa dawa haikosekani duniani, inakosekana mifukoni. Kwa kawaida ni sindano ya kila siku kwa miaka, na chupa zake zinatunzwa kwenye friji. Familia inayoanzishiwa sindano hizo kwa sababu ya namba ya saa nane mchana inaweza kuuza kiwanja kwa ugonjwa usiokuwepo.

Mwanangu hakupewa dawa. Tuliambiwa tuendelee kumpima kila baada ya miezi sita na tumlinde dhidi ya maneno ya watu, na la pili lilitushinda mara nyingi kuliko la kwanza. Alipofika kidato cha tatu alianza kurefuka, kama baba yake. Sasa ananipita.

Ninaofikiria zaidi ni wasichana. Kwenye foleni ya Nairobi wengi walikuwa wavulana, na wasichana wachache waliokuwepo walikuwa wameletwa wamechelewa. Mmoja alikuwa na kichwa kinachouma asubuhi na macho yaliyoanza kupungua nguvu. Kwa muda mrefu alikuwa akipewa dawa za minyoo. Vipimo vyote viwili vilitoka karibu na sifuri, akapigwa MRI, na uvimbe ukaonekana kando ya pituitari. Ufupi ndio uliokuwa dalili yake ya kwanza, kabla ya maumivu. Mwingine alikuwa na miaka 15, hajavunja ungo, urefu wake ni wa mtoto wa darasa la tano. Homoni yake ya ukuaji haikuwa na tatizo. Damu iliyotoa jibu ilikuwa ile ya kuhesabu kromosomu, na jibu lilikuwa hali ya Turner, inayompata msichana mmoja kati ya 2,000 au 2,500 hivi. Inakwenda na matatizo ya moyo na figo yanayotakiwa kuangaliwa mapema, na wasichana hawa husaidiwa na sindano za homoni ya ukuaji hata kama hawana upungufu wake, mradi waanze wakiwa wadogo. Mama yake alisema kijijini waliambiwa msichana mfupi hana shida, ataolewa tu.

Wifi ana binti wa miaka tisa, na nilipomuuliza urefu wake hakuujua. Nimemwomba awapeleke wote wawili kwa daktari wa watoto wakapimwe kwenye ubao, aandike tarehe na sentimita za kila mmoja, na baada ya miezi sita anitumie karatasi hiyo.